Roki ya Uingereza kabla ya Beatles: waimbaji walitengenezwa, bendi zilijitengeneza

SANTURI CHAKAVU (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila jukwaa hili linapogusia muziki wa Waingereza, mazungumzo huanzia Liverpool mwaka 1963, kana kwamba kabla ya hapo kisiwa kizima kilikuwa kimelala usingizi wa pono. Waliotangulia wakitajwa, hutajwa kwa dharau, kwamba walikuwa vijana waliopaka nywele mafuta wakamwiga Elvis Presley kwa lafudhi ya kuazima. Nimezisikiliza santuri zao kwa miaka mingi na sikubaliani na hukumu hiyo.

Ninavyoona mimi, kati ya mwaka 1956 na 1962 palikuwa na mikondo miwili. Wa kwanza ni wa waimbaji, ambao wengi wao waliokotwa na mameneja, wakapewa majina mapya, wakavishwa na kuuzwa. Wa pili ni wa bendi, zilizoundwa na vijana waliojifunza wenyewe, mara nyingi kwa vifaa vya nyumbani. Mkondo wa kwanza ndio uliojaza magazeti, lakini wa pili ndio uliobadilisha muziki, na hao Beatles tunaowasifu walitoka huko.

Mwanzo wake ni Lonnie Donegan, mzaliwa wa Glasgow, aliyekuwa akipiga banjo katika bendi ya jazi ya Chris Barber. Tarehe 13 Julai 1954 bendi hiyo iliingia studio ya Decca mjini London kurekodi nyimbo za mtindo wa New Orleans. Katika kikao hicho Donegan aliweka banjo pembeni, akashika gitaa na kuimba "Rock Island Line", huku Barber akipiga besi na Beryl Bryden akikwaruza ubao wa kufulia nguo. Wimbo wenyewe haukuwa wa Waingereza hata kidogo. Ulirekodiwa mwaka 1934 na wafungwa weusi katika gereza la jimbo la Arkansas, kisha Lead Belly, mwanamuziki mweusi wa Marekani, akaueneza. Decca iliutoa kama santuri ya pekee mwishoni mwa mwaka 1955, na miezi michache baadaye ulikuwa katika kumi bora za Uingereza na za Marekani pia. Donegan alikuwa amelipwa ujira wa kikao tu, paundi chache, bila mrabaha wowote. Mtu aliyefungua mlango wa zama nzima alipita mlangoni mikono mitupu.

Muziki huo uliitwa skifli, na siri yake ilikuwa urahisi wa vifaa. Gitaa moja la bei nafuu lilitosha, na mara nyingi lilinunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Ubao wa kufulia ulitoka jikoni kwa mama, ukapigwa kwa vidole vilivyovikwa kastabini za kushonea. Besi ndiyo iliyokuwa ya ajabu zaidi: sanduku la mbao lililosafirishia chai liligeuzwa kifudifudi na kutobolewa katikati, kamba ikapitishwa tunduni na kufungwa fundo kwa ndani, na ncha yake ya pili ikafungwa juu ya mpini wa ufagio uliosimamishwa ukingoni mwa sanduku. Mpigaji akiuvuta mpini nyuma, kamba hukaza na sauti hupanda; akiulegeza, sauti hushuka. Noti kamili hazipatikani, lakini inadunda, na kwa muziki wa kucheza hilo latosha. Maelfu ya vikundi vya namna hiyo viliundwa nchi nzima. Kimojawapo kilikuwa Quarrymen cha kijana John Lennon, ambacho tarehe 6 Julai 1957 kilipiga katika sherehe ya kanisa la Woolton, Liverpool, na siku hiyohiyo Lennon akakutanishwa na Paul McCartney.

Sasa tazameni mkondo wa kwanza, ule wa waimbaji, ulivyokwenda. Mwaka 1956 wacheza mieleka wawili kutoka Australia, Paul Lincoln na Ray Hunter, walichukua mkahawa uitwao 2i's katika mtaa wa Old Compton, eneo la Soho mjini London. Juu paliuzwa kahawa, na chini, katika chumba kidogo cha chini ya ardhi chenye joto la kupikia mkate, vijana walipiga muziki. Hapo ndipo Tommy Steele alipoonekana. Jina lake halisi ni Thomas Hicks, mtoto wa Bermondsey aliyekuwa baharia wa meli za biashara. Mwezi Oktoba 1956 santuri yake ya kwanza ikatoka, na Januari 1957 alikuwa namba moja kwa "Singing the Blues", wimbo wa Marekani ambao Guy Mitchell naye aliufikisha namba moja wiki hizohizo. Steele alikuwa na kipaji cha kweli cha kuchangamsha jukwaa, lakini ndani ya miaka michache alikuwa amekwishahamia filamu na maigizo ya muziki. Roki kwake ilikuwa kituo cha njiani.

Mmoja wa mameneja wake alikuwa Larry Parnes, aliyetoka katika biashara ya nguo. Huyu ndiye aliyeifanya kazi ya kuwatengeneza waimbaji kuwa kama kiwanda. Reg Smith aligeuzwa Marty Wilde, Ronald Wycherley akawa Billy Fury, Ray Howard akawa Duffy Power, Richard Kneller akawa Dickie Pride, na Clive Powell akawa Georgie Fame. Utaona kwamba kila jina la ukoo lilichaguliwa kubeba hisia fulani, iwe ukali, fahari au nguvu. Joe Brown alipopangiwa kuitwa Elmer Twitch alikataa katakata, na nadhani hilo peke yake linatosha kumpa heshima. Vijana hao walilipwa mshahara wa wiki, huku mapato ya maonyesho yakipita mikononi mwa meneja.

Runinga nayo ilisukuma upande huohuo. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1957 vituo vya Uingereza vilizima matangazo kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni ili wazazi wapate kuwalaza watoto. Pengo hilo lilipoondolewa, BBC ilianzisha kipindi cha vijana cha "Six-Five Special" tarehe 16 Februari 1957, kikiongozwa na Jack Good. Baadaye Good alihamia runinga ya kibiashara akaanzisha "Oh Boy!", kipindi kilichorushwa kutoka ukumbi wa Hackney Empire, wimbo juu ya wimbo bila porojo katikati. Cliff Richard alipofika kwake mwaka 1958, Good alimtaka anyoe ndevu za mashavuni, aweke gitaa chini na ajifunze kuitazama kamera. Mwimbaji alichongwa.

Lakini nyuma ya huyo mwimbaji aliyechongwa palisimama vijana wanne, bendi ya Shadows, ambao hakuna aliyewachonga, na hao ndio ninaotaka tuwazungumzie. Karibuni.

KARANI MSTAAFU

Mkuu Santuri Chakavu, uzi wako ni mzuri, lakini mgawanyo wako wa mikondo miwili umenyooka mno kuliko historia yenyewe. Naomba nikukumbushe Billy Fury, ambaye umemtaja kama jina tu katika orodha ya Parnes.

Oktoba 1958 kijana huyu wa Liverpool alikwenda katika sinema ya Essoldo mjini Birkenhead, ambako Marty Wilde alikuwa na onyesho, akiwa na nyimbo zake mwenyewe ambazo alitaka Wilde azisikilize. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwimbia nyimbo. Parnes alimsikia katika chumba cha kuvalia na kumsukuma jukwaani usiku huohuo. Mwaka 1960 akatoa albamu "The Sound of Fury" yenye nyimbo kumi, zote za kwake, nyingine akizisajili kwa jina la bandia la Wilbur Wilberforce. Gitaa alipiga Joe Brown, yuleyule aliyekataa kubatizwa. Isikilizeni albamu hiyo, kisha mniambie kama huyo ni mtu aliyetengenezwa na meneja. Mwaka ule kuandika albamu nzima peke yako lilikuwa jambo la nadra kwa mwimbaji wa roki wa Uingereza, na hao Beatles walikuwa bado wanapiga nyimbo za watu.

SANTURI CHAKAVU

Mkuu Karani Mstaafu, umegusa albamu ninayoipenda kuliko zote za kipindi kile, na kila ulichokisema juu yake ni kweli. Ila tufuatilie kilichofuata. Albamu ile ilipotoka, waliokuwa wakimwongoza hawakusema, "Kijana anajua kuandika, tumwache aandike." Walimhamishia kwenye nyimbo za mapenzi za polepole zenye vinanda vingi nyuma, na mwaka 1961 akafika namba tatu kwa "Halfway to Paradise", wimbo wa waandishi wa Marekani, Goffin na King. Alipata nyimbo nyingi zilizofanikiwa katika miaka ile bila hata moja kufika namba moja, na kipaji chake cha kutunga kilisukumwa pembeni. Kwa hiyo Fury haondoi hoja yangu. Anaonyesha gharama yake. Alikuwa mtunzi ndani ya mfumo uliohitaji sura yake kuliko kalamu yake. Isitoshe, moyo wake ulikuwa dhaifu tangu utotoni kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, na alifariki Januari 1983 akiwa na miaka 42.

Tena kuna jambo moja la kufurahisha. Mei 1960 Parnes alikwenda Liverpool kutafuta bendi ya kumsindikiza huyu Fury. Miongoni mwa waliojaribiwa walikuwa akina Lennon na McCartney. Hawakupewa Fury, walipewa safari fupi ya Scotland wakimpigia Johnny Gentle, kijana mwingine wa Parnes ambaye hakuwa na wimbo hata mmoja katika chati. Mfumo mzima ulikuwa hivyo: mwimbaji ndiye bidhaa, na bendi ni watu wa kukodiwa ili mwimbaji asisimame peke yake.

MPIGA BESI

Wakuu, mimi ni mpiga gitaa la besi katika bendi ya ukumbini, kwa hiyo mambo ya mameneja nawaachia nyinyi. Ninachotaka kujua ni sauti. Nikisikiliza "Apache" ya Shadows nasikia gitaa lililo safi kabisa, kila noti imesimama peke yake, na mwangwi unaorudi kwa kipimo. Mwaka 1960 hawa vijana walipata wapi vifaa hivyo, na kwa nini wenzao hawakusikika vile?

SANTURI CHAKAVU

Mkuu Mpiga Besi, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, hivyo nitalijibu kwa urefu.

Hank Marvin na Bruce Welch walikuwa marafiki wa shule kutoka Newcastle, waliokwenda London mwaka 1958 wakiwa na umri wa miaka kumi na sita na kujibanza palepale 2i's. Cliff Richard wakati huo alikuwa na kundi liitwalo Drifters. Mwezi Julai mwaka huo alirekodi "Move It" katika studio za EMI za Abbey Road chini ya mtayarishaji Norrie Paramor, wimbo ulioandikwa na mpiga gitaa wake Ian Samwell akiwa ndani ya basi. Kampuni iliupanga uwe upande wa pili wa santuri. Jack Good ndiye aliyeshikilia kwamba huo ndio wimbo wa kupigwa runingani. Ulifika namba mbili. Sikiliza sekunde kumi za mwanzo: gitaa linashuka kwa kasi, kisha mdundo mzito unaingia, na hakuna hata chembe ya utani ndani yake. Ila ukweli usemwe, waliopiga gitaa la mbele na besi siku ile walikuwa wanamuziki wa kukodiwa wa studio, kwa kuwa Paramor hakuwaamini vijana. Miezi michache baadaye Marvin na Welch walijiunga, pamoja na Jet Harris kwenye besi na Tony Meehan kwenye ngoma, na kuanzia hapo bendi ikapiga yenyewe. Mwaka 1959 walilazimika kuacha jina la Drifters kwa sababu Marekani palikuwa na kundi maarufu lenye jina hilo, na Harris akapendekeza waitwe Shadows.

Kuhusu gitaa: kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa na uhaba wa dola, na serikali ilizuia kuingizwa kwa ala za muziki kutoka Marekani. Vijana waliziona gitaa za Fender kwenye majalada ya santuri za Buddy Holly, aliyezuru Uingereza Machi 1958 na kundi lake la Crickets, lakini dukani hazikuwepo. Marvin alikuwa akipiga Antoria, gitaa lililotengenezwa Japani, ambalo halikuwa zuri sana. Mwaka 1959 Cliff aliagiza kutoka Marekani Fender Stratocaster nyekundu na kumkabidhi Marvin. Gitaa hilo lina mkono wa chuma wa kutikisia nyuzi. Marvin aliushika daima kwa kiganja huku akipiga, na ndiyo maana noti zake hutetemeka kidogo mwishoni kama sauti ya mtu anayeimba. Mwangwi ulitoka kwenye mashine ya Meazzi ya Italia, na vikuza sauti vilikuwa Vox, vilivyotengenezwa Dartford, Uingereza. Vox AC30, ambayo wapiga gitaa wanaitafuta hadi leo, ilitengenezwa kwa sababu Shadows walilalamika kwamba chombo kidogo walichokuwa nacho hakisikiki katikati ya mayowe ya mashabiki.

Vifaa peke yake havikutosha, kwani matajiri wengine wangeweza kununua. Jambo jipya lilikuwa mgawanyo wa kazi: gitaa moja la kuongoza, moja la kushika mdundo, besi ya umeme na ngoma, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wewe kama mpiga besi msikilize Jet Harris, mmoja wa Waingereza wa kwanza kupiga besi ya umeme, ambaye hakucheza kama mtu anayejificha nyuma.

Matokeo yakaonekana Agosti 1960. Mwanzoni mwa mwezi Cliff Richard alikuwa amekwishashika namba moja kwa "Please Don't Tease", akipigiwa na Shadows. Johnny Kidd na kundi lake la Pirates wakamwondoa kwa wiki moja kwa "Shakin' All Over". Cliff akarudi. Kisha, kabla mwezi haujaisha, akaondolewa na "Apache" ya bendi yake mwenyewe, wimbo usio na neno hata moja la kuimba, uliotungwa na Jerry Lordan, na ukakaa juu wiki tano. Wasindikizaji walimpiku msindikizwa. Mwezi huohuo Beatles walikuwa njiani kwenda Hamburg kupiga usiku kucha katika vilabu.

KARANI MSTAAFU

Hapo kwa Johnny Kidd umepita mbio, mkuu, wakati huyo ndiye hoja yako iliyo bora kuliko zote. Frederick Heath, hilo ndilo jina lake halisi, alianzia kwenye skifli, akavaa kitambaa cheusi cha jicho na mavazi ya maharamia, na "Shakin' All Over" ilitungwa na yeye na wenzake kwa haraka kwa ajili ya upande wa pili wa santuri. Ule mlio wa kuteleza unaosikika kwenye gitaa ulifanywa na Joe Moretti, mpiga gitaa wa kukodiwa, kwa kuburuza kiberiti cha chuma juu ya nyuzi. Baadaye Kidd alizunguka na gitaa moja tu, besi na ngoma, bila gitaa la pili la kujaza nafasi. Wale vijana ambao baadaye waliitwa Who walipotangulia kwenye jukwaa lake, walirudi nyumbani wakapunguza bendi yao ifanane na ile. Kidd alikufa katika ajali ya gari karibu na Bury mwezi Oktoba 1966, akiwa na miaka 30.

Naongeza mtu mwingine ambaye uzi huu haujamgusa. Emile Ford alizaliwa Castries, Saint Lucia, mwaka 1937, akahamia Uingereza na kusoma mambo ya ufundi London. Mwishoni mwa mwaka 1959 yeye na bendi yake, Checkmates, iliyokuwa na ndugu zake ndani yake, walishika namba moja kwa wimbo wa kale waliouchangamsha upya, wakakaa hapo wiki sita hadi mwaka 1960. Tukumbuke kwamba hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya ghasia za Notting Hill, ambako wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walishambuliwa mitaani. Ford alijali sana ubora wa sauti na alikuwa akizunguka na vifaa vyake mwenyewe, kwa sababu hakuridhika na vile alivyovikuta kumbini. Hakuwa na Parnes wa kumbatiza jina la hisia.

DADA WA SHANGANI

Ndugu zangu, nimesoma mpaka hapa na ninauliza maswali mawili. La kwanza, wanawake walikuwa wapi? Mpaka sasa ni Beryl Bryden na ubao wake wa kufulia. La pili, sisi huku Zanzibar twajivunia Freddie Mercury. Je, yeye alilishwa na muziki huu au na ule wa baadaye?

SANTURI CHAKAVU

Dada wa Shangani, swali la kwanza lina jibu fupi lisilopendeza. Roki ya kipindi kile iliuzwa kwa wasichana, na wenye biashara waliamini kwamba wasichana watanunua santuri za wavulana tu. Aliyewavunjia imani hiyo ni Helen Shapiro, binti wa mashariki ya London mwenye sauti nzito ya mtu mzima, aliyetoa santuri ya kwanza mwaka 1961 akiwa na miaka 14 na kushika namba moja mara mbili mwaka huohuo. Februari 1963 alianza ziara ya nchi nzima akiwa nyota mkuu, na Beatles wakiwa chini yake katika tangazo. Mwaka huo haujaisha, hali ilikuwa imepinduka kabisa, na kampuni yake haikujua tena la kufanya naye.

Kuhusu Freddie, jibu ni ndiyo, muziki huu. Farrokh Bulsara, hilo ndilo jina lake halisi, alizaliwa Zanzibar Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India. Mwaka 1958 aliunda na wanafunzi wenzake bendi ya shule iitwayo Hectics, yeye akipiga piano, na nyimbo walizopiga zilikuwa za Cliff Richard na Little Richard. Na Cliff mwenyewe alizaliwa Lucknow, India, mwaka 1940, kwa jina la Harry Webb. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1948. Kwa hiyo kijana wa Unguja aliyekuwa India alimwiga kijana wa India aliyekuwa Uingereza, na huyo naye alikuwa akimwiga kijana wa Mississippi, yaani Elvis. Familia ya Bulsara ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

FUNDI REDIO

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini uzi wa bendi za kipindi hiki hauwezi kuacha Tornados na mtu aliyewarekodi. Joe Meek alipanga nyumba namba 304 barabara ya Holloway, kaskazini mwa London, juu ya duka la bidhaa za ngozi, akaigeuza kuwa studio. Mwimbaji alisimama chumba hiki, wapiga vinanda walijipanga ngazini, na bafu likatumika kutoa mwangwi. Kampuni kubwa zilikuwa na wahandisi waliovaa makoti meupe na sheria za kiwango gani sindano ya kipimo isivuke; Meek aliivusha makusudi.

Tornados walikuwa wakimpigia Billy Fury. Mwaka 1962, setilaiti ya mawasiliano ya Telstar iliporushwa mwezi Julai, Meek alitunga wimbo usio na maneno wenye jina hilo. Ulishika namba moja Uingereza mwezi Oktoba, na Desemba ukashika namba moja Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi ya Uingereza kufika juu ya chati ya Billboard Hot 100, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Beatles. Lakini mtunzi mmoja wa Ufaransa, Jean Ledrut, alifungua kesi akidai kwamba wimbo umeibwa kwake, na mrabaha wa Meek ukazuiliwa. Kesi iliamuliwa mwaka 1968 kwa upande wa Meek, naye alikuwa amekwishafariki mwaka mmoja kabla. Ukiunganisha na Donegan, utaona kwamba waliobuni sauti hawakuwa salama kwenye daftari la malipo kuliko hao waimbaji wa Parnes.

SANTURI CHAKAVU

Mkuu Fundi Redio, asante kwa mchango huo, na nakubali kwamba fedha haikufuata ubunifu popote. Tofauti ninayoiona ni katika kudumu. Terry Dene, mwimbaji wa 2i's aliyeng'ara mwaka 1957, aliitwa jeshini mwanzoni mwa mwaka 1959, akaruhusiwa kuondoka baada ya muda mfupi kwa sababu za kiafya, na magazeti yakamsakama mpaka kazi yake ikafa, kwa sababu bidhaa ilikuwa yeye peke yake. Wito wa jeshi kwa vijana wote ulikoma mwaka 1960, na kizazi kilichofuata hakikukatizwa tena. Shadows, kwa upande wao, walimpoteza Meehan mwaka 1961 na Harris mwaka 1962, wakaziba mapengo na kuendelea. Mwanzoni mwa mwaka 1963 walikuwa namba moja kwa "Dance On!", wakaondolewa na "Diamonds" ya Jet Harris na Tony Meehan haohao waliotoka kwao, iliyotungwa na Lordan yuleyule. Bendi moja ilikuwa imezaa ushindani wake yenyewe.

MPIGA BESI

Nimeelewa, wakuu. Ombi la mwisho: mtu asiyewahi kuwasikiliza hawa aanzie wapi, asije akachoka njiani?

SANTURI CHAKAVU

Anza na "Move It", kisha uende moja kwa moja kwenye "Shakin' All Over", kwa sauti kubwa, ukifuatilia besi na gitaa yanavyoshuka pamoja mwanzoni. Baada ya hapo sikiliza "Apache", na ikikupendeza utafute "Wonderful Land" ya Shadows haohao, iliyokaa namba moja wiki nane mwaka 1962. "The Sound of Fury" isikilize yote kwa mpigo mmoja. Ni fupi, haifiki nusu saa. Donegan muweke mwishoni, kwa sababu masikio ya leo yanahitaji kuzoea kasi yake. "Rock Island Line" huanza kwa maongezi ya pole na kumaliza kwa mbio. Tommy Steele unaweza kumruka bila hasara kubwa, ingawa najua wapo watakaonirushia mawe. Na popote utakapozipata, chagua matoleo ya mono, yaani yenye mkondo mmoja tu wa sauti, kwa kuwa ndivyo santuri hizo zilivyochanganywa na kuuzwa wakati ule. Zile zilizopanuliwa baadaye kwa spika mbili huacha gitaa upande mmoja na kuliondolea uzito.